Gemu ya kijana wetu sio takataka, ila ramani imemzidi

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Busia, upande wa Uganda. Naandika kujibu ile barua ya msomaji mliyoitoa wiki mbili zimepita, aliyesema gemu wanazotengeneza vijana wetu ni takataka tupu, wanaiga wazungu na kumaliza umeme wa wazazi wao. Mi nina kibanda cha gemu hapa mjini, huu mwaka wa saba, watoto wanacheza mpira shilingi 500 kwa mechi, kwa hiyo haya mambo nayaona kwa macho kila siku sio ya kusimuliwa, na ile barua iliniuma kwa sababu inaonyesha wazi mwandishi hajawahi kukaa chini akacheza hata moja. Mi nimecheza. Basi acha niseme hii niliyocheza ikoje, uzuri wake na ubaya wake, na ubaya upo, tena mwingi.

Kuna kijana wa hapahapa, jina simtaji kwa sababu bado anajifunza na sitaki watu wamvamie, alikuja na flashi mwezi wa nane akaniambia anko naomba uniwekee hii kwenye kompyuta moja watoto waijaribu. Ni RPG, zile gemu za safari ambazo mtu wako anaanza mnyonge hana kitu, anapigana, anapanda levo, ananunua mkuki, anaongea na watu wa vijijini na hadithi inasonga. Ameitengeneza peke yake kwa RPG Maker MV, programu ya Wajapani iliyotoka 2015, ambayo hata usiyejua kuandika kodi unapanga ramani kama fundi anavyopanga vigae, unaweka watu, unaandika maneno yao. Miaka miwili na nusu usiku usiku kwenye laptopu ya dada yake.

Hadithi yenyewe ni ya Isaza na Nyamiyonga. Wasomaji wa Bunyoro na Tooro wanaijua, wengine niwakumbushe kwa ufupi. Isaza alikuwa mfalme wa Kitara, ufalme wa kale wa huku kwetu, Nyamiyonga mfalme wa kuzimu akataka wachanjiane wawe ndugu wa damu, Isaza akaogopa akamtuma Bukuku mlinzi wa lango akachanjiane kwa niaba yake, Nyamiyonga akajua amedharauliwa. Akamtuma binti yake Nyamata aje kumteka Isaza kwa uzuri, wakaoana kweli, lakini binti akagundua kuna kitu mume wake anakipenda kuliko yeye, ng'ombe. Basi zikaletwa ng'ombe nzuri ajabu kutoka kuzimu, Isaza akazipenda, siku zilipotoroka akazifuata mpaka ardhi ikamfunika na Bukuku akabaki anakalia kiti. Gemu inaanzia hapo, wewe ni mchunga ng'ombe wa mfalme, unashuka kuzimu kumtafuta. Sasa naomba huyo msomaji aniambie hapo mzungu ameigwa wapi.

Kuna sehemu moja nataka niielezee vizuri maana ndio imenifanya nishike kalamu. Ukifika mlango wa kuzimu mlinzi anakutegea vitendawili, vilevile Nyamiyonga alivyomtumia Isaza zamani, na kimoja kinasema, kamba gani inafunga maji? Gemu zingine hapo zingekupa majibu manne uchague moja. Hii haikupi kitu. Hakuna pa kuandika jibu, mlinzi anasimama tu anakuangalia. Siku ya kwanza watoto walihangaika kama saa nzima, wakamletea mlinzi kamba ya ng'ombe, wakaleta ngozi, wakajaribu kumpiga, hakuna. Mpaka msichana mmoja wa P.6, darasa la sita, ambaye huwa hata hachezi, anakuja kumsubiri kaka yake, akasema rudini kijijini kwa yule bibi mwenye sufuria jikoni, si mna unga wa wimbi kwenye mfuko tangu mwanzo? Wakarudi, wakasogea kwenye sufuria inayochemka, wakamwaga unga, kikatokea kalo, ugali wa wimbi. Maji yamefungwa! Kibanda kizima kilipiga kelele mpaka jirani anayeuza rolex, zile chapati za mayai, akaja kuangalia kuna goli gani. Mi nimeona mafainali mengi kwenye hizo skrini zangu lakini kelele za namna ile sijasikia, na ile akili ya kumfanya mchezaji ajibu kwa mikono badala ya mdomo, hiyo huinunui dukani, kijana anayo.

Na ng'ombe. Zile ng'ombe za kuzimu amezichora mwenyewe, pembe ndefu za Ankole, zikitembea vichwa vinacheza taratibu, ukiziona unaelewa kwa nini mfalme aliacha kiti chake.

Lakini ukitoka kwenye ng'ombe ukaangalia ikulu ya Isaza unakata tamaa. Ni ngome ya mawe ina minara na bendera kama za Ulaya huko, mlangoni amesimama askari wa chuma mwili mzima, kwenye jua la Kitara. Sababu naijua, programu inakuja na picha zake tayari na hizo picha ni za Ulaya ya zamani, ngome, nyumba za mbao, mpaka theluji, na kuchora zako ni kazi ya kuua mtu kwa sababu kila kigae ni kipande cha pikseli 48 kwa 48 na kijiji kimoja kinataka vigae chungu nzima, ukuta, paa, njia, mgomba, ua wa miiba. Hapo msomaji wenu ana haki kidogo. Nilimwambia kijana, acha hiyo ngome, nenda kaangalie Bigo bya Mugenyi kule karibu na mto Katonga, yale mahandaki ambayo watu wanayahusisha na Wachwezi, watawala wa kale wa kwenye hadithi, yote pamoja yanapita kilomita 10, ukichora handaki unahitaji vigae vichache tu vya udongo na majani na unapata mzunguko wa kumpoteza mchezaji ambao ni wa kwetu kabisa. Alinyamaza akaandika kwenye simu yake, sijui kama atafanya.

Sasa mapigano, hapa ndo pabaya zaidi. Maadui hawaonekani, unatembea tu ghafla skrini inageuka uko vitani, mtindo ambao RPG za Japani zilikuwa nao tangu Dragon Quest ya 1986. Mi siupingi huo mtindo, napinga idadi. RPG Maker MV yenyewe ukiiacha ilivyo inakupa vita kwa wastani wa hatua 30, yeye ameshusha mpaka 12 ili gemu ionekane ndefu. Kile kichaka kati ya kijiji cha kwanza na cha pili kina hatua karibu 200, kwa hiyo hesabu mwenyewe, unapigana mara 16 hivi, kila vita dakika moja na nusu, umekaa kichakani dakika 24 unapigana na fisi yuleyule mwenye picha ileile. Niliwachunguza watoto kwa wiki tatu, zaidi ya nusu waliachia hapohapo kwenye hicho kichaka, wakarudi kwenye mpira. Hawakufika hata kwenye kitendawili! Yaani kitu kizuri kuliko vyote kimefichwa nyuma ya fisi.

Alafu hao maadui wakubwa, mabosi, ama humuumizi kabisa ama anakufa kama kuku. Nilimwomba afungue mradi wake tukaangalia pamoja, kumbe hajagusa hesabu ya madhara iliyokuja na programu, ambayo ni nguvu yako mara 4 kutoa ulinzi wa adui mara 2. Amempa bosi wa kwanza ulinzi 40. Mchezaji akifika na nguvu 20, mara 4 ni 80, ulinzi mara 2 ni 80, jibu sifuri, unapiga mpaka vidole vinauma hakuna kitu. Nunua mkuki wa kuongeza 5, unatoa damu 20. Wa kuongeza 10, unatoa 40, mara mbili. Kwa hiyo mkuki mmoja dukani ndio unaamua kila kitu na ujanja wako hauna kazi. Angempa bosi ulinzi 10 na damu nyingi zaidi, nguvu 20 ingetoa 60 na 25 ingetoa 80, tofauti ipo lakini haichekeshi. Hii ni kazi ya jioni moja, kubadilisha namba. Nasema hivi kwa sababu watu wanaona gemu mbaya wanafikiri aliyetengeneza hana kipaji, kumbe saa zingine ni namba nne tu kwenye jedwali.

Kuseivu pia, yaani kuhifadhi pale ulipofika. Programu inaruhusu mtu aseivu popote kwenye menyu, yeye amefunga, unaseivu ukilala nyumba ya wageni tu, anasema anataka gemu iwe ngumu. Mwanangu, hapa Busia? Umeme ukikatika saa mbili usiku mtoto anapoteza saa nzima ya jasho lake na sio kosa la adui yeyote. Niliona mvulana analia kabisa. Hilo nilimwambia kwa ukali kidogo, na hilo alikubali, toleo la mwezi wa kumi unaseivu popote.

Lugha nayo niseme, maana gazeti lako ni la Kiswahili. Ameandika gemu nzima kwa Kiswahili na kwangu hilo ni kubwa. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini hapa mpakani watoto walishakinywa zamani kwa madereva wa malori na kwa majirani wa upande wa Kenya, kusoma ndio shida, na nimeona kwa macho yangu mtoto mkubwa anawasomea wadogo mazungumzo kwa sauti ili wajue waende wapi. Ila mwanzo wa gemu unachosha. Kijana alianza na kamusi pembeni, kila mtu anaongea kama anasoma risala mbele ya waziri, mpaka muuza maziwa, sanduku la maneno baada ya sanduku, dakika 15 hujagusa hata kitufe cha kutembea. Ukifika katikati unaona amechoka na kamusi, watu wanaanza kuongea kama watu wa Busia, bibi wa jikoni anakwambia "we mtoto, njoo ule kwanza, mfalme hatoroki", na ghafla kijiji kina uhai. Arudi nyuma aandike mwanzo upya kwa mdomo huohuo wa yule bibi.

Lakini yote hayo yanatoka kwenye kosa moja, nalo ni ukubwa. Amechora vijiji 14. Vitano vina watu na mambo ya kufanya, vilivyobaki nyumba zimejaa lakini milango haifunguki, unazunguka kwenye majani matupu unatafuta kitu ambacho hakipo. Kuzimu kwenyewe kuna ngazi tisa kwenye mpango wake, iliyomalizika ni mbili. Nilipomwambia punguza, aliniambia anko, RPG lazima iwe kubwa, isipokuwa kubwa watu watasema ni ya kitoto. Namwelewa maana gemu alizokua nazo ni zile zilizotengenezwa na kampuni za mamia ya watu. Lakini yupo Kan Gao wa Kanada, yeye na wenzake wachache walitoa To the Moon mwaka 2011, imetengenezwa kwa RPG Maker XP, toleo la zamani la hiyohiyo programu yake, inaisha kwa saa kama nne na mapigano karibu hakuna, na watu dunia nzima waliilia. Na kama anataka kuona Mwafrika aliyefanya kubwa, Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, walitoa gemu yao Aurion mwaka 2016, ila ile ilikuwa ni studio yenye timu, tena walichangisha pesa mtandaoni, sio mtu mmoja na laptopu ya dada yake. Vijiji vitano na ngazi tatu za kuzimu zinatosha kumfikisha mchungaji kwa mfalme wake. Tisa zitammaliza yeye kwanza.

Mhariri, kurasa zako za burudani zinaeleza kila wiki nani kasajiliwa timu gani na nani kaachana na nani. Naomba nusu ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, mtu acheze gemu ya kijana wa hapa mpaka mwisho aandike kwa haki, aseme hiki kizuri hiki kibaya na kibaya kinatengenezwaje. Kijana wangu huyu tangu aanze hajawahi kuambiwa kitu chochote zaidi ya "safi sana" na "tafuta kazi". Na msomaji wako aliyeandika ile barua anakaribishwa kibandani, siku yoyote, hatalipa. Nitampitisha kichaka cha fisi mwenyewe nimfikishe kwa mlinzi.

Gemu saa hii inaishia ngazi ya pili, skrini inakuwa nyeusi imeandikwa "itaendelea". Isaza bado yuko chini na ng'ombe zake. Yule msichana wa P.6 anapita kila Jumamosi, hana sente ya kucheza wala haombi, anasimama mlangoni ananiuliza kama ametoka.

Msomaji wako,
Mwenye kibanda cha gemu, Busia, Uganda