Kwa vijana tuliovuka pamoja kutoka Lamu kwenda Mokowe

Wanangu, assalaam aleikum.

Juzi kwenye boti alipanda mama mmoja wa Kiaweer, hao ambao wengi wetu bado twawaita Waboni. Amepakata dumu tupu, asali ameshaiuza. Abiria mmoja akaziba pua, akauliza tangu lini watu wa msituni wakakaa na watu. Sote tulisikia. Mmoja wenu akacheka, mwingine akainamia simu, wa tatu akainuka na ngumi.

Uliyecheka, niliona midomo yako ikitetemeka. Kicheko kile nakijua, ni cha hofu. Na wewe wa simu, kioo chake kilikuwa kimezima. Ulikuwa unaficha macho kwa aibu isiyokuwa yako. Siwalaumu.

Wa ngumi nina maneno zaidi naye, kwa kuwa wenziwe wanamsifu. Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu. Lakini tangu uliposimama, boti nzima ilikutazama wewe. Ukashikwa, ukabembelezwa, ukapewa maji. Yule mama hakuna aliyemsemesha. Alijifunika leso usoni mpaka gatini.

Na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nikajiambia mtu mzima hajibizani na mjinga. Ilikuwa woga, nikauvika kilemba cha heshima.

Mwanachuoni wetu Habib Swaleh alipotoka Ngazija akaja Lamu, aliwasomesha Qur'ani watoto wa waliokuwa watumwa, zama ambazo waungwana wengi hawakuona kuwa elimu ile ni haki yao. Alikwenda akakaa nao huko mtaa wa Langoni. Kila Mfungo Sita twaujaza msikiti wake wa Riyadha kwa Maulidi, na hilo la kukaa nao ndilo tunalolisahau.

Basi siku nyingine moyo ukidunda, nenda kwanza kwa aliyetukanwa. Kaa ubavuni pake, msalimu, muulize habari za nyumbani, mpokee dumu. Mwenye kutukana atajikuta peke yake bila ya kuguswa. Kisha mjibu kwa sauti ya kawaida: "Huyu ni mama yetu, ndugu yangu." Mikono itatetemeka. Itetemeke tu.

Nimeambiwa huyo mama huleta asali sokoni Ijumaa. Nitakwenda kumtaka radhi baada ya swala. Atakayefuatana nami atanikuta Mkunguni, mbele ya Ngome.

Babu yenu