Barua kwa mwanangu: zile buku mbili mbili

Mwanangu,

Hapa hatujambo, mvua zimeanza na upande wa jikoni bado unavuja. Uliniuliza kwenye simu zile buku mbili mbili ninazotuma kila wiki kwa namba usiyoijua ni za nini, nikakujibu mambo ya kikundi, sa nimelala nalo siku tatu nimeona bora nikwambie ukweli. Nanunua hadithi ya mapenzi. Usicheke.

Enzi zetu tulikua tunasoma za kwenye magazeti, ukifika patamu wanaandika itaendelea wiki ijayo basi unangoja siku saba, saivi mwandishi anarusha kwenye grupu la WhatsApp, sehemu kumi za kwanza bure alafu ya 11 anaikata pale pale mlango unapogongwa, ukitaka kujua nani anagonga tuma hela. Ana akili huyo.

Yenyewe inamhusu mjane wa miaka 49, muuza vitumbua, anaanza upya na mwanaume aliyekua mteja wake wa asubuhi. Nilianza kwa utani tu nikajikuta saa nane usiku chaji asilimia nne na mto umeloa. Sio kwamba mwandishi fundi sana, wala. Yule mama anahamishiwa kwenye jumba la ghorofa, picha za marehemu anazifungia kwenye boksi na sehemu inayofata hamkumbuki tena! Nikamtumia mwandishi voisi, dada, wewe hujafiwa. Mi mpaka leo kengele ya baiskeli ikilia nje nainuka nimfungulie baba yako.

Haya, nakuja kwenye lenyewe sasa. Unamjua yule mzee anayetengeneza vyerehani kule Ngamiani, aliyefiwa na mkewe. Mwezi wa nne mkanda wa cherehani yangu ulikatika akaja, nikamwambia kaa hapo, nikamuonyesha kile kiti cha baba yako. Akakiangalia, akaona kofia bado imening'inia mgongoni, akasema hapana mama, nikikaa chini ndo naiona vizuri miguu ya mashine. Akakaa sakafuni saa nzima na magoti yake yale. Mara ya pili akaja na kigoda chake amekifunga nyuma ya baiskeli. Mara ya tatu cherehani ilikua nzima kabisa na wote wawili tunajua.

Anataka kunioa, nimemwambia aende kwa mjomba wako wakaongee kiutu uzima. Baba zako wadogo wamesikia wamekuja juu, eti mke wa ukoo, eti mjane anatulia na wanae. Eda nilikaa yangu yote miezi minne na siku kumi, na miaka saba imeshapita, sa wanataka nini? Nikawapa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, mjane anakaa anapotaka na anaolewa na anayemtaka mwenyewe, mila isimzuie, tulisomewa kwenye kikundi na wale wa msaada wa kisheria. Mdogo wao akaniuliza mama nani siku hizi unasoma mpaka sheria, nikanyamaza, asije akafika na kwenye hadithi.

We sikuombi ruhusa mwanangu, nakwambia mapema tu usije ukasikia kwa shangazi yako maana yule atakupigia kwa kilio kama kuna msiba. Sihami. Nyumba ni hii hii na chumba chako kipo, kiti na kofia vinabaki palepale, yeye mwenyewe ndo kasema.

Idd ukija utamkuta na kigoda chake. Mpe shikamoo yake, hayo ya kumwita baba kama hayatoki yaache.

Alafu jana wamerusha sehemu ya 41, yule mama usiku wa manane kashuka ngazi kwenda kulitafuta lile boksi la picha (nahisi voisi yangu ilisikilizwa), kashika kifuniko tu, wakakata. Nitumie buku mbili.

Mama yako