Mafusho ya kuchomelea yavutwe pale pale yanapotoka

Mhariri,

Karakana nyingi za vyuma Dar es Salaam, kuanzia vibanda vya Gerezani hadi viwanda vya matangi na bodi za malori, zinategemea kinga mbili dhidi ya mafusho ya kuchomelea: feni ya paani na pakiti ya maziwa ya jioni. Hakuna hata moja inayomkinga fundi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Mafusho yanakwenda mapafuni, na chembe zake nyingi hazifiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Feni ya paani nayo huyavuta yakiwa yameshapita usoni pa mtu aliyeinamia kazi yake.

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliyaweka mafusho haya Kundi la 1, yaani yanasababisha saratani kwa binadamu. Februari 2019 mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ikatangaza kuwa hata chuma cha kawaida kikichomelewa ndani ya jengo, lazima mafusho yavutwe kwenye chanzo. Kufungua madirisha hakukubaliki tena kama kinga.

Ili kuyanasa, hewa inapaswa kuelekea kwenye mdomo wa bomba la kuvutia mafusho kwa kasi ya takriban mita 0.5 kwa sekunde, ikipimwa pale pale penye cheche. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bomba la milimita 160 likiwa sentimita 15 kutoka kwenye kazi, linahitaji kuvuta kama mita za ujazo 440 kwa saa. Lisogeze hadi sentimita 30, hitaji linaruka hadi zaidi ya 1,600. Kuongeza umbali mara mbili kunadai hewa karibu mara nne! Ndiyo maana mtambo wa bei kubwa unashindwa kazi kwa sababu tu fundi haukumbuki mkono wake wa kuvutia, yaani lile bomba la kuvuta mafusho linalosogezwa karibu na kazi. Mkono huo uwe mwepesi, ubaki pale unapowekwa, na usogezwe kila mshono (mahali vyuma vinapoungwa) unaposogea.

Kosa jingine ni kufunga feni ya panga, ile ya kawaida ya ukutani, kwenye bomba refu lenye chujio. Itazunguka vizuri, ila hewa haitakwenda, maana haina nguvu ya kushinda ukinzani. Inatakiwa feni ya konokono, yaani yenye kasha lililojiviringa kama konokono, ambayo ina nguvu hiyo. Mabomba yawe ya bati laini, na kipande cha bomba la kukunjika kiwe kifupi iwezekanavyo. Hewa iende ndani yake kwa mita 10 hivi kwa sekunde au zaidi, la sivyo vumbi litatuama njiani. Moshi utolewe juu ya paa, mbali na madirisha ya jirani.

Asiye na kipimo cha kasi ya hewa awashe udi mahali pa kuchomelea. Moshi wa udi usiponyooka kuelekea kwenye bomba, mafusho nayo hayatanyooka.

Maandalizi ya chuma yana uzito uleule. Rangi ikwanguliwe angalau sentimita 10 kila upande wa mshono. Zinki ya mabomba ya mabati inachemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma chenyewe kinayeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo inageuka mvuke kabla mshono haujashika. Saa chache baadaye fundi hushikwa na homa na baridi kali, hali ambayo ni rahisi kudhaniwa malaria. Na chuma kilichosafishwa kwa dawa ya grisi yenye klorini kisiguswe na moto wa umeme kabla hakijakauka kabisa, wala dawa hiyo isiwekwe jirani na kazi, kwani mvuke wake hugeuka fosjini, gesi ya sumu kali.

Barakoa ya kitambaa haichuji mafusho. Barakoa maalumu ya kuchuja chembe ndogo, ya daraja la FFP2 au FFP3, inafaa kama nyongeza, kwa fundi aliyenyoa ndevu, kwa sababu ndevu huacha mwanya. Ndani ya tangi hata hiyo haitoshi: hewa safi ipelekwe kwa bomba, na isitumike oksijeni ya mtungi kamwe, kwani cheche moja itawasha nguo.

Tunaiomba OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, inapokagua karakana, isiridhike kuona feni imefungwa. Ipime kasi ya hewa penye cheche na kuiandika kwenye ripoti. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iufanye uwekaji wa mkono wa kuvutia kuwa sehemu ya mtihani wa vitendo, wenye alama zake, sawa na ubora wa mshono.

Wadau wa usalama kazini,
Dar es Salaam