Malalamiko Kuhusu Chakula cha Popi na Bakuli Jekundu

Mbezi Beach,
Dar es Salaam.
11 Februari 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: CHAKULA CHA MBWA KUBADILISHWA BILA TAARIFA, BAKULI LA RANGI ISIYO SAHIHI, NA LUGHA YA MHUDUMU WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa muda mrefu. Nanunua chakula chenu kikavu cha mbwa wadogo, ule mfuko wa kilo tatu wenye picha ya mbwa mweupe aliyelala kwenye mto. Nakinunua kwa ajili ya mbwa wangu, Popi. Ni dume, jamii ya Maltese, na uzito wake haufiki kilo nne. Naandika kwa sababu tangu mwezi uliopita nyumba yangu haina amani saa ya kula, na chanzo ni ninyi.

Nianze na punje zenyewe. Zamani zilikuwa na umbo la mfupa mdogo, bapa, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Popi alikuwa anachukua moja kutoka kwenye bakuli, anakwenda nayo hadi kwenye zulia la sebuleni, anailaza, anaibana kwa mguu wa kushoto wa mbele, ndipo anaitafuna. Kisha anarudi kuchukua nyingine. Ndivyo anavyokula tangu akiwa mtoto, na hatujawahi kumharakisha. Mfuko mpya umejaa punje za duara kama gololi. Punje ya duara haibaniki. Popi akiilaza kwenye zulia inamtoka. Anaifuata, inafika kwenye marumaru, inashika kasi, inaingia chini ya jokofu. Hapo analala kifudifudi, pua ameiingiza uvunguni, mkia juu, analia kwa kisauti chembamba ambacho mtu mwenye moyo hawezi kuendelea kunywa chai akikisikia. Dada anaacha mboga jikoni, anachukua ufagio, anaingiza mpini, anaitoa punje, anaisuuza, anampa. Kabla hajaosha mikono, nyingine imeshaingia chini ya kabati la vyombo.

Ndugu Meneja, jambo hili si la jana wala juzi. Mmarekani James Spratt alipoanza kuuza biskuti za mbwa London miaka ya 1860, wazo alilipata kwa mbwa waliokuwa wakila bandarini zile biskuti ngumu za mabaharia. Biskuti za mabaharia ni bapa. Ukiweka chini, zinakaa. Aliyeanzisha biskuti za mbwa alilijua hilo zaidi ya miaka 160 iliyopita, na mitambo ya siku hizi, inayosukuma unga uliopikwa kwa mvuke kupitia kwenye tundu na kuukata kwa kisu, inaweza kutoa umbo lolote mnalotaka. Ni suala la kubadilisha kipande cha chuma chenye tundu. Naomba mkirudishe kile cha zamani.

Umbo nimelisema kwanza kwa sababu ndilo linaloonekana, lakini mmebadilisha na kilichomo ndani. Mfuko wa zamani kiambato cha kwanza kilikuwa samaki. Mpya ni kuku, kisha mahindi, samaki hayupo kabisa. Popi alijua kabla sijasoma. Nilipokata mfuko alisogea kama kawaida yake, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama. Mbwa ana vionjio kama 1,700 hivi ulimini, binadamu tunavyo kama 9,000, kwa hiyo watu hudhani mbwa hajali anachokula. Mbwa anakula kwa pua kwanza. Huwezi kumtolea samaki ukamwekea kuku ukategemea asijue, hasa huyu wangu ambaye siku za Jumapili anapata dagaa wa Kigoma waliotolewa vichwa, na wakija wa ziwa jingine anawaacha.

Daktari yeyote wa mifugo atakwambia kwamba chakula cha mbwa hakibadilishwi ghafla. Inachukua siku 7 hadi 10: unaanza na robo ya kipya na robo tatu za cha zamani, siku chache baadaye nusu kwa nusu, kisha robo tatu za kipya, ndipo umalizie. Tumbo lake linahitaji muda huo kuzoea. Mimi ningefanya hivyo kwa furaha kama mngenitaarifu nikiwa bado na mfuko wa zamani. Hamkutaarifu. Rangi ya mfuko ni ileile, picha ya mbwa ni ileile, bei ni ileile. Popi aliposhikwa na njaa akala kidogo, akaharisha usiku kucha. Umeme ulikuwa umekatika, feni yake imezimika, joto la mwezi wa kwanza mnalijua, na mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema. Tulikaa naye barazani mpaka adhana ya alfajiri, mume wangu akimpepea kwa kawa. Mume wangu ana kazi asubuhi.

Tangu hapo anakula kidari cha kuku kilichochemshwa na wali mweupe. Bila chumvi, bila nazi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, jambo ambalo lingefaa kuandikwa kwenye mifuko yenu kwa herufi kubwa badala ya zile nyota za kupambia. Kwa maana nyingine, nawalipa ninyi, na mpishi ni mimi.

Zipu ya mfuko nayo haifungi. Mnabonyeza upande huu, unafunguka ule. Kampuni iliyopo Dar es Salaam haihitaji kuelezwa hali ya hewa ya Dar es Salaam. Chakula hiki kinapakwa mafuta kwa juu kikishakauka, na mafuta yale yakikutana na joto, hewa na unyevu yanachacha. Inashauriwa kibaki kwenye mfuko wake, umefungwa vizuri, mahali pasipozidi nyuzi joto 27. Kwetu Februari nyuzi 27 tunazipata labda usiku wa manane. Kwa hiyo kilichobaki ni zipu, na zipu ndiyo mliyoifanyia ubahili. Sisimizi waliingia, wakapanda hadi kwenye bakuli, na kutoka kwenye bakuli wakaingia kwenye manyoya ya kidevuni mwa Popi. Manyoya ya Maltese ni marefu na laini, hukua muda wote, tunayachana kila siku na kuyafunga utepe juu ya macho. Kumtoa sisimizi mmojammoja kwenye kidevu cha mbwa aliyekasirika ni kazi ya watu wawili.

Kuhusu kijana wenu wa bodaboda sina maneno mengi. Alisema ni Mwislamu na hataki kulambwa na mbwa. Namheshimu kwa hilo. Majirani zangu wengi ni Waislamu, Popi hatoki getini bila kamba, na hakuna hata mmoja ambaye nimekosana naye kwa ajili yake. Ndiyo maana kwenye kila oda naandika: mzigo uachwe kwa mlinzi. Mlinzi ana meza, ana kivuli, na ana daftari la kusaini. Badala yake mfuko ulirushwa juu ya ukuta, ukapasukia kwenye mawe. Kunguru wa Dar es Salaam, hawa ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hawangoji kukaribishwa. Nilipotoka nje walikuwa wanabeba punje na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bustani ili zilainike. Popi alikuwa dirishani anawaona.

Sasa bakuli. Tangazo lenu lilisema anayekusanya kuponi za mifuko sita atapata bakuli la maji, na picha ilionyesha bakuli la buluu lenye mpira chini. Nilikusanya kuponi, nikaziweka kwenye bahasha, nikazileta mwenyewe ofisini kwenu. Mmenitumia bakuli jekundu, la plastiki nyepesi, lisilo na mpira.

Nilipolalamika niliambiwa rangi ni rangi. Kwa mbwa sivyo. Macho ya binadamu yana aina tatu za chembe za kupokea rangi, ya mbwa yana mbili. Mbwa anaiona buluu vizuri, na njano vilevile. Nyekundu kwake inafifia na kuwa kama kahawia chafu. Sakafu yetu ni ya marumaru za kahawia. Mmempelekea Popi bakuli la maji lisiloonekana. Siku ya kwanza alikuja mbio kutoka bustanini, ulimi nje, akaligonga kwa kifua. Kwa kuwa ni jepesi na halina mpira liliteleza hadi mlangoni, maji yote yakamwagika, naye akasimama katikati ya maji yale miguu yote minne imelowa, akainua mmoja, akaukung'uta, akauweka chini, ukalowa tena. Tangu siku hiyo halikaribii. Anakunywa kwenye kikombe changu cha udongo, ninachomshikia. Nikiwa kazini anashikiwa na dada. Mama yangu mzazi, aliyekulia Same ambako mbwa hulala nje na kula makombo, alipokuja kututembelea alishangaa sana siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimkuta ameinama ameshika kikombe.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia nikaandika barua fupi. Kilichonifanya niandike barua ndefu ni simu. Nilipiga namba iliyo nyuma ya mfuko. Nilisikiliza muziki wenu hadi nikaujua. Hatimaye akapokea dada mmoja, akanisikiliza nusu ya maelezo, akaniambia: "Lakini mama, huyo si ni mbwa tu? Akisikia njaa atakula."

Sitaki dada huyo afukuzwe kazi. Naamini hajafundishwa, na mishahara ya kazi za simu tunaijua. Nataka mnieleze ninyi wenye kampuni, kwa sababu nyuma ya mfuko huohuo, sentimita chache juu ya namba niliyopiga, mmeandika: "Kwa sababu naye ni wa familia." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niwachague. Kwa bei ya mfuko wenu mmoja ningepata mchele wa Kyela wa kuitosha nyumba nzima kwa wiki mbili. Silipi fedha hiyo kwa ajili ya mahindi yaliyosagwa. Nailipa kwa sababu mliniahidi kwamba mnamwona Popi kama ninavyomwona mimi. Hamwezi kumfanya wa familia wakati wa kupokea fedha, akawa mbwa tu wakati wa kupokea simu.

Njaa si hoja pia. Wapo mbwa wengi mitaani wanaokula chochote, nami nawahurumia, na makombo yetu safi mlinzi anawapelekea. Lakini hao hawakununuliwa chakula chenye picha ya mto. Kama lengo la kampuni yenu ni chakula ambacho mbwa atakila akishazidiwa na njaa, basi liandikeni hilo mbele ya mfuko tuamue wenyewe.

Ninachoomba ni hiki. Kama ghalani bado kuna mifuko ya zamani, ya samaki na umbo la mfupa, niuzieni yote iliyobaki, ili mradi tarehe yake ya mwisho wa matumizi haijakaribia. Nitalipa bei kamili. Mkitaka kubadilisha tena chakula, wekeni karatasi ndani ya mfuko miezi miwili kabla, na mseme ni nini kimebadilika. Bakuli nataka la buluu lenye mpira kama lilivyokuwa kwenye picha. Jekundu nimeliosha, lipo kwa mlinzi, bodaboda wenu alichukue. Gharama za daktari na za mfuko uliopasuka nimeambatanisha risiti zake. Na dada wa simu afundishwe kuuliza jina la mbwa kabla ya kitu kingine chochote. Halichukui muda, na mteja anatulia.

Nawapa siku kumi na nne za kazi kujibu kwa maandishi. Nisipopata jibu nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya matangazo ya kupotosha, na picha ya bakuli la buluu ni tangazo.

Mkiamua kutuma mtu nyumbani, ambalo ndilo ningependelea, aje kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Saa saba mchana Popi analala na hatupokei wageni mpaka aamke. Mgeni aje na sampuli ya punje za zamani mfukoni, hata chache tu. Popi atazinusa, na mgeni atajionea mwenyewe tofauti.

Wako mteja,

Mama Popi

Viambatanisho: risiti ya daktari wa mifugo, risiti ya mfuko uliopasuka, picha ya Popi akiwa chini ya jokofu, punje tatu za duara ndani ya bahasha.

Nakala: Tume ya Ushindani; Daktari wa Popi.