Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Tunaomba ufunguo wa chumba kile

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa kuwa barua nilizokuletea ofisini hazijajibiwa. Huenda zimelala kwenye faili, huenda hazikuvuka meza ya katibu muhtasi. Nabahatisha tu.

Jumatatu iliyopita mwanafunzi wa sheria asiyeona alifika maktaba akakuta chumba cha huduma maalumu kimefungwa. Mlangoni pamebandikwa karatasi: "Chumba cha Mikutano." Imeandikwa kwa wino, si kwa breli, kwa hiyo ilibidi mlinzi amsomee kwamba amefukuzwa.

Kompyuta zenye programu ya kusoma skrini zimerundikwa stoo, pamoja na skana na printa ya breli. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa wanaokitumia chumba ni wachache. Mheshimiwa, ofisi yako inahesabu vichwa vinavyopita mlangoni. Sisi tunahesabu kurasa. Kitabu kimoja cha sheria tunakiskani ukurasa kwa ukurasa. Kikiishia hapo, faili ni picha tupu, na programu ya kusoma skrini ikikutana na picha hunyamaza. Kwa hiyo inakuja programu ya kutambua maandishi, na baada yake mtu anakaa kusahihisha, maana mashine huona tarakimu 1 ikaandika herufi l, na tanbihi huchomoka chini ya ukurasa ikaingia katikati ya hoja ya jaji. Kazi hiyo haifanyiki stoo.

Niliambiwa pia kwamba kunakili vitabu hivi kunavunja hakimiliki. Mkataba wa kimataifa wa Marrakesh ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2016 kwa ajili ya jambo hilihili: nchi zinazoufuata huruhusu nakala za namna hii zitengenezwe bila kumwomba ruhusa mwenye haki. Tena haumhusu asiyeona peke yake. Yumo hata asiyeweza kushika kitabu au kugeuza kurasa. Nadhani mshauri wako hakufika huko. Hilo nalo nabahatisha.

Nimezeekea dawati hili. Wanaokuja kwangu ni yule ambaye hajawahi kugusa katalogi, mama anayenyonyesha huku anaandika tasnifu, mgeni anayetafuta maneno ya lugha tunayofundishia. Wengi huuliza kwa kunong'ona, na si kwa sababu ya kanuni za maktaba. Wanaona haya. Wanapima kama mahali hapa ni pao.

Dorothy Porter, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, alikuta maktaba zikipanga vitabu vya waandishi weusi chini ya namba 325 ya ukoloni au 326 ya utumwa, hata kikiwa kitabu cha mashairi. Akavipanga upya kwa mada zake. Alijua kwamba unapomweka mtu ndipo unapomwambia yeye ni nani. Sisi wetu tumewaweka stoo.

Ulipowakaribisha wanafunzi wapya ulituahidi kwamba hakuna atakayejiona mgeni chuoni. Nilipiga makofi, tena kwa nguvu. Na picha ya mwanafunzi huyuhuyu, fimbo yake nyeupe mkononi, ndiyo iliyopamba jalada la kijitabu cha chuo. Amependeza sana. Hajaiona, lakini tumemsimulia.

Nilikuwa na mengine: mkutubi wa pili tuliyeahidiwa, njia ya kiti cha magurudumu, saa za jioni kwa wanaofanya kazi mchana. Nayaweka kando. Mitihani inakaribia, na kuna kijana ambaye vitabu vyake viko nusu. Turudishieni ufunguo. Mikutano ina kumbi, ina bustani, ina ofisi yako yenye meza ndefu. Ufunguo tu, Mheshimiwa. Hata kwa muda wa mitihani, ikibidi. Hapana, nafuta hilo: turudishieni moja kwa moja.

Wako mtiifu, bado,

Mkutubi, Dawati la Huduma kwa Wasomaji