Wanangu wa ununuzi na uhasibu, msikubali kuambiwa rushwa ni utamaduni wetu

Marahaba, wanangu.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza ununuzi na ugavi, pamoja na wenzenu wa uhasibu, mnaoajiriwa na kampuni za nje au kukaa nazo meza moja kwenye zabuni. Chuoni mlisoma maadili ya biashara, mkachambua habari za Enron, kampuni ya Marekani iliyoanguka kwa kughushi hesabu, mkafaulu mtihani. Wiki ya kwanza kazini mzabuni anatokea na gunia la mchele wa Kyela, na kile kitabu hakina habari za mchele.

Basi nianze na mchele. Marekani, mtumishi wa serikali kuu anaruhusiwa zawadi isiyozidi dola 20 kwa mara moja, na zote kwa mwaka kutoka kwa mtoaji mmoja zisipite dola 50. Japani, kampuni hupelekeana zawadi katikati na mwishoni mwa mwaka. China, keki za mwezi zilizunguka maofisini kila msimu wa sikukuu yake, hadi mwaka 2013 serikali ilipopiga marufuku kuzinunua kwa fedha za umma. Kwetu, kumrudishia mtu mzima alichokuletea ni kumvunjia heshima. Tofauti zipo, na mwalimu anayezipuuza anawapoteza.

Ila tazameni: huko kote zawadi ina kiasi chake na majira yake, na hutolewa mbele za watu. Gunia likija zabuni zikiwa kwenye tathmini, lirudisheni kwa maneno laini, hata aliyelileta akinuna. Likija mkataba umeisha, na kanuni za ofisi zikiruhusu, lipokeleni mbele ya wenzenu, liandikwe kwenye rejista ya zawadi, mgawane. Anayetaka akupelekee nyumbani usiku hakuleta mchele.

Lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Mwakilishi wa kampuni moja ya Ulaya aliwahi kuniambia, bila haya, kwamba kwao wasingethubutu kutoa bahasha, ila huku ndiyo desturi yetu. Mtayasikia maneno hayo, tena mengine yatatoka kwa Watanzania wenzenu. Jueni basi kwamba Ujerumani, hadi mwaka 1999, kampuni iliyohonga afisa wa nchi ya nje iliweza kuiandika hongo kama gharama ya biashara na kupunguziwa kodi. Siemens, kampuni ya huko huko Ujerumani, walipobanwa kwa hongo mwaka 2008, walilipa Marekani na Ujerumani takriban dola bilioni 1.6 kwa jumla. Na hao Wamarekani wenyewe walitunga sheria ya kuzuia kuhonga maafisa wa nje mwaka 1977, baada ya Lockheed, kampuni yao ya ndege, kubainika inahonga wakubwa wa nchi mbalimbali. Japani, waziri mkuu wa zamani, Kakuei Tanaka, alikamatwa kwa kashfa hiyo mwaka 1976. Walibadilika kwa sheria na kwa kesi.

Sisi wa rika langu tuliahidi kwenye ahadi za TANU kwamba rushwa ni adui wa haki, hatutapokea wala kutoa. Wapo waliokula kiapo wakala na rushwa, siwafichi. Hata hivyo walikula kwa kujificha, na mtu hajifichi kufanya mila yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani wagombea kuwakirimu wapiga kura, kwa jina la ukarimu wa Kiafrika. Mashirika ya wananchi wenyewe yalikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta.

Wahasibu, someni kesi ya rada. Serikali yetu iliinunua kwa BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, na zaidi ya dola milioni 12 zikaenda kwa kampuni za dalali. Mwaka 2010 huko London BAE walikiri kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la vitabu vya hesabu: malipo ya dalali yaliandikwa kama huduma za kiufundi. Faini ilikuwa pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudi kwetu zikanunua vitabu vya kiada na madawati. Kwa hiyo siku bosi, awe mweupe au mweusi, atakapokwambia andika "ushauri" na hakuna aliyeshauri, kumbuka kwamba mstari wa namna hiyo ndio uliowafikisha wale mahakamani.

La ndugu sina mengi. Mjomba aliyekulipia ada akiomba zabuni, tamka mgongano wa maslahi kwa maandishi na utoke kwenye kamati. Atakasirika. Mpelekee sukari yake sikukuu kama kawaida, kwa fedha yako.

Tena msingoje mhadhiri abadilishe mtaala. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, humfikia Rais kila mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa Bungeni. Fungueni sehemu za manunuzi, chukueni hoja moja mkae watatu wanne, na mwulizane wewe ungekuwa kwenye kiti kile, karatasi ipi ungegoma kuitia saini, na ungemwambiaje mkubwa wako.

Mzee wenu,
Afisa ugavi mstaafu