Matembezi ya maua, kilima cha Box Hill (Surrey, Uingereza): Jumamosi 8 Agosti

Habari zenu wapendwa,

Tukutane stesheni ya Box Hill & Westhumble saa 4 kamili asubuhi. Tutarudi saa 8 mchana.

1. Mchango ni paundi 5, ya chai na mandazi.

2. Vaeni viatu vyenye meno. Kilima hiki ni cha chokaa, nayo ikilowa huteleza kama sabuni. Kila wawili walete kamba ya mita 2 na ziada kidogo ya fundo. Tutaitandika mraba wa nusu mita kila upande, tuhesabu aina za mimea ndani yake. Udongo wa pale ni mwembamba, hauna mbolea, ndiyo maana nyasi hazistawi sana hadi kuyafunika maua.

3. Tutatafuta hasa “mng'ato wa shetani”, ua la zambarau lililoviringana kama kifungo. Waingereza wa kale walisimulia kwamba shetani aliuonea wivu mmea huu kwa kuponya watu, akaung'ata mzizi. Na kweli mzizi huishia ghafla, kama uliokatwa. Nitaleta picha yake, kwa hiyo tafadhali asichimbe mtu: kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kisheria.

Andikeni “Nipo” pamoja na idadi ya watoto, na mchango uwe umefika, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku.

Asanteni sana,
Mratibu